Barua Mbili na Ng'ombe Waliofichwa Rhotia

Juzi Neema, binti wa kituo chetu cha mifugo, alikuja kwangu na simu mkononi. "Shikamoo bibi. Vyuo viwili vimenikubali kusoma shahada ya pili. Nichague kipi?" Nikamwambia akae kwanza, anywe chai, kwa sababu jambo hilo lina habari ndefu. Akainywa ikiwa bado ya moto, akaondoka kabla sijafika popote. Basi naandika. Someni nyote mnaovaa gambuti na kubeba sindano, na wewe Neema soma mpaka chini, maana nakujua kwa kusoma nusu.

Mimi nilikuwa bwana mifugo. Ndiyo, mwanamke, lakini pale Rhotia hakuna aliyejisumbua kunitafutia jina lingine. "Bwana Mifugo, hujambo mama?" Ndivyo walivyonisalimia, na mimi niliitikia, kwa sababu ng'ombe mwenye kizazi kilichotoka nje hakusubiri tumalize kubishana majina.

Barua zangu mbili ziliingia sanduku la posta Karatu ndani ya wiki moja, miaka ile ya foleni za sukari, mpaka wa Kenya ukiwa umefungwa. Moja ilitoka chuo kimoja cha Uskoti, kusoma magonjwa ya mifugo ya nchi za joto. Nilicheka peke yangu pale posta, kwamba niende kwenye theluji kujifunza magonjwa ya joto. Nyingine ilitoka Morogoro, nilikosoma shahada ya kwanza. Hao walisema nije nifanye utafiti wa shahada ya pili, na kwamba hata nikichelewa kuripoti watanielewa, kwa sababu wanaijua serikali.

Barua za vyuo zisomeni kuanzia chini. Juu ni pongezi, unaweza kuzisoma siku nyingine. Chini ndiko wanakosema ufike lini, na ukichelewa watakufanya nini. Uskoti walisema nisipofika chuo kikifunguliwa, nafasi yangu anapewa mwingine. Ulikuwa umebaki muda wa miezi mitatu hivi.

Sitawadanganya kwamba nilikaa nikapima. Nilitaka Uskoti. Morogoro nilikujua mpaka ladha ya maharage yake. Nilikuwa nimechoka kupeleka damu ya ng'ombe maabara Arusha, majibu yakarudi baada ya mwezi, ng'ombe mwenyewe ameshaliwa. Nilitaka kuona watu wanaojua leo kilichomuua ng'ombe leo. Halafu mimi sikuumbwa kutulia. Mama yangu alikuwa akisema nikiwa tumboni nilimtembeza.

Damu hiyo ya ng'ombe iliwahi kunigharimu vibaya. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kabla sijahamishiwa nyumbani Rhotia, nilipangiwa Enguserosambu, kule kwa wafugaji. Nilitoboa masikio ya ng'ombe tangu jua linachomoza, tone moja moja nikalipaka kwenye kioo chembamba, vioo arobaini. Nikavipanga juu ya boneti ya Landrova vikauke, nikaenda kunywa chai kwenye boma. Niliporudi vioo vilikuwa vinang'aa. Inzi walikuwa wamelamba vyote. Mama mmoja wa Kimasai, mwenye wale ng'ombe, alivitazama, akanitazama na mimi. "Inzi wako wameshiba, daktari," akasema. "Sasa utatoboa tena?" Nilitoboa tena. Kwa hiyo, kioo kikishapakwa, hapo hapo kwenye spiriti, hapo hapo kwenye boksi, chai baadaye.

Aliyenifundisha hayo ya spiriti ni Mzee Kiula, msaidizi wangu Rhotia. Mnyaturu wa Singida, alikuja Oldeani akiwa kijana kukamua ng'ombe wa mwenye shamba la kahawa, na cheti hakuwahi kuwa nacho hata kimoja. Alinifanya nifumbe macho nishike tezi chini ya sikio la kila ng'ombe aliyepita joshoni. "Macho huona yanachotaka," alikuwa akisema. "Vidole havina tamaa." Nilipomwonyesha barua ya Uskoti aliigeuza juu chini, akanirudishia. "Huko utayajua majina ya magonjwa vizuri zaidi," akasema, akaendelea kuchemsha sindano. Kwake yeye hizo zilikuwa pongezi nyingi.

Basi nikaanza kujiandaa, na hapo ndipo niliposumbua watu. Nilipakia sanduku la bati, nikalipakua, nikalipakia upya. Niliomba koti kwa padri wa parokia, akanipa moja zito lililoachwa na padri mwenzake aliyekuwa mrefu kuliko mlango, likanifika kwenye vifundo vya miguu. Niliambiwa Uskoti kuna baridi, nikasema nijipime. Asubuhi moja nikadandia lori hadi ukingo wa kreta Ngorongoro, nikavua sweta, nikasimama kwenye ukungu. Askari wa getini akaniuliza, "Mama, una tatizo nyumbani?" Nikavaa sweta.

Kilichobaki ni barua ya ruhusa. Wakati ule Karatu ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu, na mkubwa wangu alikaa Mbulu mjini. Aliisaini ruhusa mbele yangu, ila hakunipa. Aliiweka kwenye mtoto wa meza. "Utaichukua siku ya kuondoka," akasema. "Afisa ni wewe mmoja kule. Karantini ikitangazwa kwenye eneo lako, hutoki. Naifuta." Nikamwambia eneo langu ni safi. Na nilikuwa nikiamini hivyo.

Kosa nililifanya Jumapili iliyofuata, mlangoni mwa kanisa. Kina mama walinizunguka, wanataka kujua mtoto wao anapanda ndege lini. Mimi na kiherehere changu nikawaeleza yote. Nikasema, "Mniombee tu, kina mama. Mungu aniepushe na karantini, maana ng'ombe mmoja akionekana anachechemea na kutoka udenda, mimi siendi popote." Wakasema amina. Mama yangu alikuwa katikati yao, ameshika kitenge chake, na yeye akasema amina. Nikaenda zangu nyumbani.

Baada ya hapo kazi ikakauka. Wiki ya kwanza hakuna aliyeniita. Ya pili, hakuna. Watu walikuja nyumbani, lakini walikuja na mayai, na asali kwenye kibuyu, na mmoja alileta blanketi zima jipya, kitu ambacho hakikupatikana dukani. Nikimuuliza mtu, "Ng'ombe hawajambo?" anajibu, "Hawajambo kabisa," na kunisukumia mayai. Nikadhani ni heshima, wananiacha nipumzike kabla ya safari. Nilifurahi. Vijana, bwana mifugo asipoitwa wiki mbili asifurahi. Avae gambuti akazunguke.

Sasa kuna jambo inabidi wasio wa kwetu walielewe. Sisi Wairaqw hatuweki ng'ombe wote zizi moja. Una rafiki Oldeani, unampelekea jike wawili akae nao. Maziwa anakunywa yeye, samadi ni yake, ndama ni wako. Na yeye ana wake kwako, au kwa mtu mwingine Mbulu. Ugonjwa ukipita kwako, hauwamalizi wote. Njaa ikija, una pa kukimbilia. Na jirani mwenye kijicho hajui una wangapi. Nimekulia humo, na hata leo nasema ni akili kubwa.

Zikiwa zimebaki siku tisa niondoke, nilikwenda Oldeani kumuaga Baba Lohay. Huyu alikuwa rafiki wa mama yangu tangu baba yangu akiwa hai, na ndiye aliyekaa na ng'ombe wetu wa upande ule. Nilimkuta anapalilia kahawa yake kidogo nyuma ya nyumba. Tukasalimiana, nikamwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza habari za ndege. Wakati huo nasikia zizini mlio wa midomo, kama wa mtu anayefyonza mua. Ukiisikia sauti hiyo mara moja maishani huisahau. Ni ng'ombe anayetafuna hewa kwa sababu ulimi unamuuma.

Nikaenda zizini. Alikuwa jike wetu mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni. Mwezi uliopita nilimwacha kwenye zizi la mama, Rhotia.

"Baba, huyu amefikaje huku?"

"Mama yako alimleta akae kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kuchechemea," akasema, bila wasiwasi wowote, kama anayenieleza bei ya chumvi. "Tulisema akae huku mpaka upande ndege. Usije ukamwona."

Kwato zilikuwa za moto. Nikaingiza kidole gumba pembeni ya mdomo, pale ambapo hakuna meno, nikavuta ulimi, na ngozi ya ulimi ikabaki mkononi mwangu. Ugonjwa wa miguu na midomo. Nikageuka. Ng'ombe wawili wa Baba Lohay walikuwa wanatoka udenda. Ng'ambo ya mfereji, maksai wa shamba kubwa la kahawa walikuwa wamelala mchana kweupe, hawataki kusimama.

Nilirudi Rhotia kwa lori la mbao, nimesimama njia nzima, siwezi kukaa. Mama alikuwa anapeta maharage uani. Sikumwamkia.

"Nani aliwaambia mfiche ng'ombe wagonjwa?"

Hakuacha kupeta. "Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema pale kanisani. Ukimwona anachechemea, huendi. Basi tukakuondolea usimwone." Akaupuliza ungo. "Ulisema Mungu akuepushe. Mungu ana kazi nyingi, tukamsaidia."

Nikamuuliza ni nyumba ngapi. Akanitajia nane, na kila nyumba ilikuwa imepeleka wagonjwa wake kwa rafiki: Oldeani, Kansay, Endabash, mpaka Mbulu. Njia zilezile walizopitishia ng'ombe tangu babu zetu ili wasife pamoja ndizo walizoupitishia ugonjwa. Na mimi ndiye niliyewatuma. Sikuwa na cheo kikubwa, lakini nilisahau kwamba afisa akilalamika mbele ya watu wanaompenda, watu hawasikii malalamiko, wanasikia kazi ya kufanya.

Nilimfokea mama yangu. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema, "Siku tisa, Martina. Fumba macho siku tisa tu. Huu ugonjwa hauui, tunaujua. Wakubwa hupona."

Na ni kweli, wakubwa hupona. Hicho ndicho kilichonitesa. Ingekuwa ni ugonjwa wa kuua, ningeandika taarifa palepale. Lakini maksai akipona hana kwato za kuvuta jembe, na mvua zilikuwa karibu. Ndama huanguka ghafla wakafa. Maziwa hukauka. Na mnada wa Karatu ulikuwa baada ya siku nne, ng'ombe wanakuja kutoka kote, hata wa Ngorongoro, na wanatawanyika kwenda kote.

Siku mbili sikuandika kitu. Hilo kwenye taarifa yangu halipo, na leo ndiyo mara ya kwanza nalisema. Siku mbili nilizunguka Rhotia nikipita nyuma ya nyumba za watu nisionane nao. Nililivaa koti la padri, nikalivua. Niliisoma barua ya Uskoti kuanzia juu, zile pongezi, mara nyingi. Nilipiga hesabu ya njia kila namna, nione kama ipo itakayonifikisha kwenye ndege bila mtu kuumia, na haikuwepo. Nilizichukia nyumba zote nane kwa kunipenda vile.

Siku ya pili jioni nilimkuta Mzee Kiula joshoni anasafisha mfereji. Nilijua kwamba anajua. Vidole vyake vilikuwa vimepita chini ya masikio ya ng'ombe wote wa pale.

"Mzee, na wewe ulinificha?"

"Sikukuficha. Hukuniuliza." Akaegemeza koleo. "Ulikuwa unapakia sanduku."

"Nifanye nini sasa?"

"Mimi sina barua hata moja, mama. Usiniulize mimi." Akaingia chumba cha dawa, akatoka na daftari la taarifa, akaliweka juu ya ukuta wa josho na kalamu juu yake. Kisha akarudi kwenye mfereji wake. Hakunitazama tena.

Niliandika nimesimama. Kwenye mstari wa jinsi ugonjwa ulivyoenea niliandika: uhamishaji wa mifugo wa kienyeji. Majina ya nyumba sikuyaweka. Asubuhi nikapanda lori kwenda Mbulu. Mkubwa wangu alisoma, akaivuta ile ruhusa kutoka kwenye mtoto wa meza, akapiga mstari kutoka kona hadi kona. "Pole sana, Martina," akasema, na nadhani alimaanisha.

Mnada ukafungwa. Ng'ombe hawakutoka wala kuingia kwa miezi. Walionificha waliona nimewaanika, na kwa upande wao walikuwa na haki. Wao walijitoa kwa ajili yangu, mimi nikawafungia soko. Mama mwenye blanketi hakulidai, lakini alipokuwa akipita nyumbani aligeuza uso. Mama yangu aliitikia salamu yangu na kuniwekea chakula, basi. Kazi tuliifanya mimi na Mzee Kiula, nyumba kwa nyumba, tukiosha vidonda kwa maji ya chumvi na magadi. Mvua zilipoanza, maksai wengi walikuwa bado wanatembea kwa kunyata, na watu walilima kwa jembe la mkono.

Karantini ilipofunguliwa nikaenda Morogoro. Kwa Uskoti nilikuwa nimeandaliwa kondoo wa kuniaga na wazee wa kuniombea. Kwa Morogoro hakuna aliyenisindikiza hata mpaka barabarani. Basi lilipopita karibu na shamba letu nilimwona mama ameinama na jembe, peke yake, amelima kipande kidogo sana. Alilisikia basi, najua alilisikia. Hakuinuka. Nililia mpaka Makuyuni, abiria mmoja akanipa muhogo.

Morogoro nilichagua kutafiti jambo hilohilo: ng'ombe wanavyotembea kati ya marafiki, na ugonjwa unavyowafuata. Mwalimu wangu alifurahi, akasema hakuna aliyewahi kulichora. Nikarudi Rhotia na karatasi kubwa, nichore mistari kutoka nyumba hadi nyumba. Watu walinikaribisha vizuri, wakanionyesha zizi. "Ng'ombe ni hawa unaowaona." Nikasema, "Na walio kwa marafiki?" Wakasema, "Ni hawa." Nikaenda kwa mama. Nikamwambia, "Mama, angalau wewe." Akasema, "Andika hao." Walikuwa watatu. Nilipata shahada, tena kwa sifa, kwa ramani yenye matundu ambayo mimi peke yangu niliyaona.

Tulikuja kupatana, mama na mimi, kwa namna ya watu wanaokula sufuria moja. Tuliongea juu ya mvua, juu ya maharage, juu ya nani kaoa. Ng'ombe hatukuwagusa. Nilifanya kazi yangu vizuri miaka hiyo, nawaambieni bila aibu, na kila Septemba, mwezi ambao ningekuwa nafika Uskoti, nilikuwa nasumbuka, naingia na kutoka, mpaka Mzee Kiula akawa ananituma dawa Karatu ili apate utulivu.

Mama alifariki miaka saba baada ya karantini. Kwetu mtu akishazikwa, waliokaa na ng'ombe wake huja wenyewe kusema. Hakuna karatasi, na sijasikia mtu aliyenyamaza. Walikuja siku kadhaa mfululizo. Wa Kansay akasema anao wawili. Wa Endabash akasema mmoja na ndama. Kaka zangu walipokea, nami nilikaa pembeni nikiona ramani yangu inajazwa, nimechelewa.

Baba Lohay alikuja wa mwisho, amezeeka, anaswaga ng'ombe sita kutoka Oldeani kwa miguu yake. Kaka yangu mkubwa akainuka kumpokea. Mzee akamzuia.

"Hawa si wa urithi," akasema. Akanitafuta kwa macho. "Hawa ni wa Martina. Mama yako alileta mtamba mmoja mwaka ule karantini ilipofunguliwa. Akasema huyu ni wa safari ya mtoto kwenda Ulaya, na akizaa, ndama naye ni wa safari. Kila akija alikuwa anauliza kama wanakula vizuri."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Miaka saba, tunakula pamoja.

"Alisema ungewaandika," akasema Baba Lohay.

Nilisimama mbele ya wale ng'ombe na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukaenda chini ya sikio la wa kwanza. Alikuwa mzima. Wote walikuwa wazima. Mama yangu aliyekataa kuinuka shambani alikuwa ananitafutia nauli kwa njia yake, njia ileile niliyomfokea, na mimi nilidhani amenifungia moyo. Nilikuwa bado kijana wa kutosha kwenda, nilijua hilo, na nilijua pia kwamba siendi.

Kaka zangu walikuwa wananisubiri niseme. Nikamwamkia Baba Lohay upya, shikamoo ya kumwomba.

"Warudishe kwako, baba," nikasema. "Na usimwambie mtu."